Kosa Langu Ndani ya Gari Lisilo na Dereva

Mimi sikuwahi kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Mbagala watakaokuapia kwamba waliniona nikiendesha, na kosa la kuamini hivyo si lao, ni langu. Nyie mliobaki zamu, mnaovaa kizibao cha reflekta kama nilichokivua juzijuzi, mmenisumbua niandike nilivyofanya kazi. Haya. Nimesoma mpaka darasa la nne, kisha nikaambiwa inatosha, nirudi nyumbani nikasaidie shamba la mihogo. Kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Makosa makubwa kuliko hayo mtayakuta mbele.

Nilianzia Buguruni, kwenye yadi ya mabasi, kazi ya usafi. Siku ya kwanza nikapewa ndoo, brashi ya mpini mrefu na kipande cha blanketi, nikaambiwa basi lile pale. Nikaanza na matairi, maana ndiyo yaliyokuwa machafu zaidi. Nilipofika kwenye paa, maji yote ya tope yakateremka yakarudi kwenye matairi. Mkuu wa zamu, Mzee Mkwanda, mtu wa Newala, alikuwa amekaa juu ya tairi bovu akinitazama tangu mwanzo. Hakutia neno mpaka nilipomaliza na kukamua blanketi. Ndipo akasema, "Umeosha vizuri. Sasa osha tena, uanzie juu." Yule ndiye mwalimu wangu, na sikumbuki kama aliwahi kunifundisha jambo kabla sijalikosea.

Siku moja konda hakuja kazini, Mzee Mkwanda akanitoa kwenye ndoo akanipandisha mlangoni. Wanawake makonda tulikuwa wa kuhesabu, na wanaume walikuwa wanapita makusudi kuja kutuangalia kama sinema. Akanifundisha kupiga bodi, ubavu wa basi, dereva asikie. Kiganja, si ngumi, ngumi inabonyeza bati. Mara moja, simama. Mara mbili, twende. Na usigonge mara mbili mpaka umeiona miguu yote iko ndani, usitazame nyuso, abiria anaweza kukuchekea huku mguu wake mmoja uko lami. Kazi hiyo nimeifanya mpaka kiganja changu cha kulia kikaota gamba kama kisigino. Hata leo nikimaliza kuwapakulia wajukuu nagonga sufuria mara mbili. Wananicheka. Wacheke, lakini wameshiba.

Mmeniuliza abiria gani alinitoa jasho zaidi. Ni mama mmoja wa Gongo la Mboto aliyenipa mtoto wake aliyelala nimshikie, akashuka kununua maji, na basi likaondoka. Sikujua kama mama ameachwa mpaka tulipofika mbali. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamaliza safari naye, tukageuza, nikamkuta mama yule amesimama palepale nilipomwacha. Halii wala hatafuti polisi. Nikamuuliza ana akili gani. Akasema, "Nilikuona ulivyomshika." Nikamgombeza sana, halafu nikashindwa kujua ninamgombeza kwa kosa lipi, maana aliyegonga bodi ni mimi.

Baadaye yakaja mabasi marefu ambayo hayana konda, nikahamishiwa kituoni Mbagala na filimbi na kipande cha chaki. Chaki ilikuwa ya kuchora mstari chini, watu wasimame nyuma yake. Waliusimamia kwa siku mbili tatu, kisha mvua ikanyesha. Nikabaki na filimbi.

Sasa nifike kwa Yatima.

Kampuni ilileta magari mawili madogo ya majaribio, yaende na kurudi kutoka kituo kikuu mpaka geti la hospitali na mwisho wa soko, kwenye njia yake yenyewe iliyopakwa rangi pembeni mwa barabara. Yamekaa kama friji lililolazwa ubavu. Usukani hamna. Mbele hamna, nyuma hamna, likifika mwisho haligeuki, linarudi tu kule lilikotoka, na wewe uliyekuwa unatazama uendako unajikuta unatazama utokako. Kiti cha dereva hamna, na dereva mwenyewe hamna. Watu wa kituoni hawakulala na jambo hilo, siku hiyohiyo wakayaita Yatima, yote mawili.

Mimi nikapangiwa ndani ya moja. Aliyenipokea ni Injinia Glory, binti wa Moshi, mwembamba, mpole, anatembea na kompyuta kama wenzake wanavyotembea na pochi. Akaniamkia shikamoo bibi, akanionyesha kitufe chekundu ukutani. Kazi yako, akasema, ni kukaribisha watu na kubonyeza hiki kukiwa na hatari. Nikamuuliza likienda bila hatari nifanye nini. Akasema usifanye kitu. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kupewa maagizo magumu namna ile.

Nikataka nielewe. Nikamuuliza nani analiona njiani. Akasema lina kamera na macho mengine ambayo si kamera. Nikamuuliza likikosea.

"Kuna mtu ofisini, bibi, anayaangalia yote mawili kwenye kioo cha kompyuta."

"Basi huyo ndiye dereva."

"Hapana, haendeshi. Anaangalia tu."

"Kama mimi."

Akafikiri kidogo. "Kama wewe, ila yeye yuko mbali."

Nikarudi nyumbani na hilo. Gari moja, waangaliaji wawili, mwendeshaji hakuna. Nililigeuza usiku kucha mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Siku za mwanzo hakupanda mtu. Walikuja wengi, wakapiga picha, wakachungulia, wakapanda bajaji. Mchungaji mmoja aliomba aliombee gari, tukamruhusu, akaliombea vizuri sana kwa sauti, kisha naye akachukua bodaboda. Glory alikuwa anajaza karatasi za kampuni kila jioni kuonyesha wananchi wanavyolipokea, na kila jioni alikuwa anaandika kidogo tu.

Ndipo akaja Mzee Chande. Alikuwa dereva wa malori, wa masafa ya Songea na Lindi, barabara ya Kilwa anaijua tangu ilipokuwa mashimo matupu. Kiharusi kikampiga upande wa kulia, akawa wa kiti cha magurudumu, anasukumwa na mkewe, Bi Zainabu. Hospitali walimtaka kwenye mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, wakamwambia waziwazi kwamba akikatisha, vidole vya mkono ule vitajikunja na havitakunjuka tena. Bodaboda haiwezi kumbeba. Bajaji inahitaji wanaume wawili wa kumnyanyua, na yeye alikuwa anawatukana wakimnyanyua. Yatima sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo, kiti kinaingia kama sahani kabatini. Bi Zainabu alipoliona hilo alimleta mbio.

Mzee akagoma. "Mie siendeshwi na mtu asiyekuwepo," akasema, na watu kituoni wakacheka, naye akaona wamemwunga mkono. Mkewe akambembeleza, mtaalamu wa mazoezi anasubiri. Akasema asubiri.

Ndani nilikuwa na abiria wawili, wanafunzi. Muda wa gari ukafika, mlango ukaanza kulia. Nikatazama miguu yao iko ndani, nami bila kufikiri nikagonga ukuta mara mbili kwa kiganja. Gari likaondoka. Lingeondoka hata kama ningekuwa nimelala, mlango umefungwa na saa yake imefika, lakini mkono wangu haukujua hilo. Tulipokwenda na kurudi nikamkuta Mzee Chande na mkewe bado wapo, naye mzee amebadilika sura.

"Zainabu, umeona? Bibi yule anagonga, chuma kinakwenda." Akanigeukia. "Kumbe dereva ni wewe?"

Nikasema, "Panda, mzee."

Sikusema ndiyo. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi kichwani mwangu. Lakini niliona anavyonitazama, nikaona mkewe amechoka mpaka kwenye macho, na nikagonga tena mara mbili, safari hii kwa makusudi. Hilo ndilo kosa langu, nyie wasichana na wavulana wa zamu, na limetoka kwenye kiganja kilekile mnachokisifia.

Akapanda. Huko kwenye mazoezi akawasimulia wagonjwa wote kwamba gari lina dereva, ni mwanamke, mtu mzima, amelifunza kusikia bodi. Wiki iliyofuata tukajaa. Watu wakawa wananiamkia wakipanda na kunishukuru wakishuka, mama mmoja akaniletea maandazi, akasema ya dereva. Nikayala. Glory akafurahi, karatasi zake zikaanza kujaa, akaniuliza nimewafanya nini. Nikamwambia nimewaambia wapande.

Na mkono wa Mzee Chande ukaanza kurudi. Kwanza alishika leso ikaacha kuanguka. Kisha kikombe kitupu. Kila safari ananionyesha. "Dereva, tazama," anasema, na anakunjua kidole kimoja polepole kama mtu anayefungua barua. Nami natazama, nafurahi, na neno lile dereva linanichoma.

Sifa za uongo huja na lawama zake. Abiria wetu anashuka anapotaka, si kwenye kituo. Akipaza sauti shusha hapo kwenye duka, Yatima hasikii, anapita. Wanageuka kwangu. Bibi vipi, umelala? Bibi leo umeamka na kisirani? Siku moja wasukuma mikokoteni, ambao walishagundua kwamba gari hili linasimama kwa chochote, walikatisha mbele yetu na viroba vya kabichi, mmoja baada ya mwingine, tena kwa kutembea. Likasimama, likasogea, likasimama. Ndani watu wakanijia juu, mwanamke mmoja wa Kinondoni aliyekuja kuzika akasema kwao madereva wa namna yangu walishafukuzwa zamani.

"Mwacheni dereva afanye kazi yake," akasema Mzee Chande. "Hamjui presha ya usukani nyie."

Usukani gani, Mungu wangu. Nikatazama dirishani.

Nilipokaribia kustaafu Glory akaniambia kwamba nikitoka hataingia mwingine. Majaribio yamefaulu, watu wamelizoea gari, litakwenda peke yake, na nyie mtabaki kwenye jukwaa. Nikamuuliza wamezoea gari au wamenizoea mimi. Akasema kwa karatasi ni kitu kimoja. Nikamwambia habari ya Mzee Chande, yote, na kugonga kwangu. Akasema nisiwaambie kitu, nitoke kimyakimya, hawatatambua. Sikujua kama ni ushauri mzuri au mbaya, na hata sasa sijui. Ila nilijiona kichwani asubuhi ya kwanza ya ustaafu wangu, mimi niko kitandani, na yule mzee amefikishwa kwenye mlango hakuna mtu ndani.

Nikamwambia wiki yangu ya mwisho, kwenye geti la hospitali, mazoezi ya siku ile yameisha. Alikuwa amefunga kifungo cha shati mwenyewe siku hiyo, kwa mara ya kwanza.

"Mzee Chande, mimi gari hili siliendeshi."

"Analiendesha nani?"

"Hakuna."

"Na ukigonga?"

"Hata nisipogonga linaondoka. Nagonga kwa mazoea."

Akautazama ukuta wa gari, kisha mkono wangu. "Miezi yote hii umenipakia kwenye gari tupu."

"Ndiyo."

"Zainabu, ulijua?"

Bi Zainabu akatazama chini. Akasema alihisi.

"Nisukume nyumbani. Kwa barabara."

Na akasukumwa kwa barabara, kwenye mchanga wa pembeni, jua la saa sita, mkewe ameinama kwenye kiti kama anasukuma gari lililozima. Mimi nikabaki nimesimama na reflekta yangu. Yatima akafunga mlango, akaondoka.

Nikastaafu. Sherehe ilikuwapo, soda zilikuwapo, kanga mlinipa, nashukuru. Hayo tuyapite. Siku chache baadaye Bi Zainabu alikuja kwangu. Mzee hajagusa hospitali tangu siku ile. Vidole viwili vimeanza kujikunja. Na si yeye tu, pale kituoni habari imeshasambaa kwamba ndani hamkuwa na dereva, watu wanalitazama gari linafungua mlango, linafunga, linakwenda tupu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungenyamaza, dada. Ungenyamaza ukajiondokea zako."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilipodanganya mtu alipona. Niliposema kweli anaharibika. Nilifundishwa kuosha basi kuanzia juu, na kutazama miguu kabla ya kugonga, lakini hili hakunifundisha mtu. Nikajifunga kanga, nikaenda kwa Mzee Chande.

Nilimkuta kibarazani kwake, mkono umewekwa juu ya mto kama kitu cha jirani alichoachiwa akitunze. Nikamwamkia, akaitikia kwa shingo upande. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema radhi ya nini, mimi si mfanyakazi tena. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Unajua kilichoniudhi?" akasema. "Nilipokuwa naendesha, nikikosea, watu wananitukana. Wananitukania mpaka mama yangu. Na ni haki yao, roho zao nimezishika mimi. Gari lile likikosea nitamtukana nani?"

"Nitukane mimi."

"Wewe si dereva."

"Nilikwambia panda. Nitukane kwa hilo."

Akanitazama aone kama natania. Kisha akanitukana. Sitaandika alichosema, hii ni karatasi ya watu wazima na watoto. Nitasema tu kwamba lugha ya madereva wa malori haijapotea, yote anayo, na kiharusi hakikuigusa. Bi Zainabu alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza. Mzee alipomaliza alikuwa anahema, na uso umemkunjuka.

"Ulikuwa unaogopa mle ndani?" akaniuliza.

"Kila siku. Mpaka ya mwisho."

"Na kesho ukipanda kama abiria?"

"Nitaogopa zaidi. Kitufe si changu tena."

Akaugeuza mkono wake kwa mkono mwingine, akavitazama vile vidole viwili.

"Njoo saa mbili," akasema.

Kesho yake saa mbili tukawa kituoni, yeye, mkewe na mimi. Watu walikuwapo kama kawaida, wamejipanga mbali na mlango kama mlango una mbwa. Yatima akaja, akafungua. Mle ndani mlikuwa mweupe na mtupu, na mimi niliyekaa humo miezi niliona kama sijawahi kupaona. Mzee Chande akamwambia mkewe asukume. Kiti kikaingia. Nikaingia nyuma yao, nikakaa, nikakosa pa kuiweka mikono.

Mwanamke mmoja kijana, na mtoto aliyefungwa bandeji mkononi, akasogea mpaka ukingoni. Alikuwa mgeni, nadhani, au alikuwa na shida iliyomzidi hofu. Akamtazama mzee kwenye kiti chake, karibu na kile kitufe.

"Shikamoo baba. Dereva ni wewe?"

Kituo kizima kikageuka kusikiliza. Nami nikafumba mdomo kwa nguvu, maana swali hilo nilishaulizwa mara moja na jibu nikaliharibu.

"Marahaba," akasema Mzee Chande. "Mie si dereva, na bibi huyu si dereva. Humu hamna dereva, na sote tunaogopa. Likikosea tutashuka tukamtafute aliyelileta tumtukane kwa pamoja, mimi nitaanza. Unakwenda hospitali?"

"Nakwenda."

"Sisi pia."

Mlango ukaanza kulia. Yule mwanamke akamtazama mwanawe, akatutazama sisi, akapanda. Nyuma yake wakapanda wawili wengine kwa haraka, bila kuangalia pembeni, kama watu wanaoingia kwenye maji ya baridi. Waliobaki wakabaki. Mmoja akaita bajaji.

Mchana Glory alinipigia simu, habari ilishamfikia kule kwenye vioo vyao. Akaniuliza, bibi, niandike wamelikubali au wamelikataa? Nikamwambia Mzee Chande amefanya mazoezi yake na amepewa tarehe ya kurudi. Akasema hilo halina nafasi kwenye karatasi yake, anataka la watu wote. Nikamwambia basi aandike kwamba watatu wamepanda wakijua hamna dereva, na wengine wamechukua bajaji, na mimi mwenyewe nilipanda lakini asinihesabu upande wowote, kwa kuwa bado sijui.